Mikono Iliyomshika Knud Jensen

Siku hizo Lubumbashi ilikuwa bado Elisabethville, na mji mzima ulikuwa ukizungumza siasa. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Katanga ikatangaza kujitenga tarehe 11 Julai, na Agosti ilipoingia ni nani hapa aliyekuwa na nafasi ya kufuatilia mbio za baiskeli za Roma? Huenda ndiyo sababu kisa cha Knud Enemark Jensen, mwendesha baiskeli wa Denmark, hakisimuliwi kwenye timu zetu. Nakisimulia leo kwa vijana wa Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba wanaotoka na kinga zao, yaani baiskeli, kabla ya mapambazuko kuifuata barabara ya Kipushi au ya Likasi, na zaidi kwa wakubwa wanaowaongoza. Joto la Septemba liko mlangoni, na kisa chenyewe ni cha timu ya ridhaa kama zao.

Afrika inaikumbuka Olimpiki ya Roma kwa Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni bila viatu tarehe 10 Septemba. Denmark inaikumbuka kwa jambo lililotokea wiki mbili kabla yake. Michezo ilifunguliwa tarehe 25 Agosti, na kesho yake zikafanyika mbio za baiskeli za timu dhidi ya saa, kilomita 100. Jensen alikuwa na umri wa miaka 23. Hakuwa mchezaji wa kulipwa, kwani Olimpiki ya enzi hizo haikumpokea mtu anayeishi kwa mshahara wa michezo.

Masharti ya mbio hizo yalikuwa hivi. Kila timu ina watu 4. Wanaondoka pamoja, wanapokezana mbele kukata upepo, na saa ya timu inasimama pale mtu wa tatu anapovuka mstari. Kwa hiyo timu ingeweza kumwacha mtu mmoja njiani na isipungukiwe kitu. Ikiwaacha wawili, imekwisha. Hata hao waliobaki wakifika salama, hawana matokeo. Namwomba msomaji alishike sana sharti hili la mtu wa tatu, kwa sababu naamini lilichangia kifo cha Jensen sawa na jua lenyewe.

Njia ilikuwa Viale Cristoforo Colombo, barabara pana itokayo Roma kuelekea baharini, mizunguko mitatu kwenda na kurudi. Joto lilikaribia digrii 40. Aliyewahi kuendesha baiskeli saa saba za mchana kwenye lami isiyo na mti anaijua hali hiyo: jua linakupiga mgongoni na lami inakurudishia joto usoni, na upepo unaoupata kwa mwendo wako ni wa moto. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, Mdenmark mmoja, Jørgen Jørgensen, alikuwa ameshindwa na joto, akajitoa.

Wakabaki watatu: Jensen, Vagn Bangsborg na Niels Baunsøe. Hapo hesabu ikageuka. Dakika chache nyuma kila mmoja wao angeweza kusema, "Nimechoka, endeleeni," na timu ingeendelea. Sasa anayejitoa anawatoa wote. Kazi yote waliyoifanya, safari kutoka Denmark, heshima ya nchi, yote yakawa juu ya mabega ya yule atakayekuwa dhaifu kuliko wenzake siku ile. Hakuna aliyewaambia hivyo kwa mdomo, wala haikuhitajika.

Katika mzunguko wa mwisho Jensen akawaambia wenzake kwamba anasikia kizunguzungu. Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye funzo lote. Mgonjwa alisema. Hakuficha, hakujifanya shujaa. Alisema kwa kinywa chake kwamba kichwa kinazunguka, naye akiwa juu ya baiskeli, jua likiwaka, mbio zikiwa hazijaisha. Wenzake walimsikia na wakafanya kile ambacho mtu mwenye upendo hukifanya: Baunsøe akamshika jezi upande mmoja, Bangsborg akasogea upande wa pili akamwagia maji. Wakaenda hivyo sambamba, watatu, wawili wakimbeba wa katikati kwa mikono yao huku miguu yake ikiendelea kukanyaga. Maji yakamburudisha, au walidhani yamemburudisha. Alionekana kupata nafuu. Baunsøe akamwachia. Mara ile Jensen akaanguka, kichwa kikapiga lami, fuvu likapasuka.

Gari la wagonjwa likamchukua hadi kwenye hema la jeshi karibu na mstari wa kumalizia. Hema lile halikuwa na hewa. Ndani mlikuwa na joto kuliko nje. Mtu aliyeangushwa na joto akalazwa ndani ya joto. Hakuzinduka tena, na alasiri hiyohiyo akafariki.

Sitawalaumu Bangsborg na Baunsøe. Walikuwa vijana, na walichomfanyia mwenzao ndicho tunachowafundisha watoto wetu tangu wakiwa wadogo: usimwache ndugu yako njiani. Lakini kuna saa ambapo kumshika ndugu asianguke ni kumcheleweshea lile linaloweza kumwokoa. Jensen hakuhitaji mikono ya kumsimamisha wima. Alihitaji mtu wa kumshusha kwenye baiskeli mara aliposema neno lile la kwanza, akamlaza kivulini na kummiminia maji mwili mzima. Hilo wenzake wasingeweza kuliamua kwa urahisi, kwa sababu wao wenyewe walikuwa ndani ya hesabu, nalo joto lilikuwa limewachosha akili kama lilivyomchosha yeye. Palitakiwa mtu wa nje ya hesabu, mwenye ruhusa ya kupaza sauti na kusema basi. Mtu huyo hakuwepo.

Dunia ilijifunza nini? Ilijifunza jambo jingine. Baada ya kifo hicho kocha wa Denmark alisema kwamba waendeshaji walikuwa wamepewa Ronicol, dawa inayopanua mishipa ya damu. Habari hiyo ikazima nyingine zote. Ripoti rasmi ya Waitalia, iliyotoka mwaka 1961, ilisema Jensen aliuawa na joto. Wako walioandika baadaye kwamba alikuwa na dawa kali zaidi mwilini, na ubishi umeendelea miaka mingi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaunda kamati ya tiba, na mwaka 1968, Grenoble na Mexico, wachezaji wa Olimpiki wakaanza kupimwa dawa. Ni hatua njema, na sina neno juu yake. Ila jua likasahauliwa. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, lilianza kutumia utaratibu wake wa joto kali mwaka 2024, ule unaopima joto, unyevu, jua na upepo kwa pamoja, na unaoweka alama nyekundu kipimo hicho kinapopita 28. Kutoka 1960 hadi 2024 ni miaka 64.

Na Jensen hakuwa wa kwanza. Huko Stockholm mwaka 1912, Mreno Francisco Lázaro, fundi seremala, alikimbia marathoni ya Olimpiki akiwa amejipaka nta mwilini ajikinge na jua. Nta ikaziba vinyweleo, jasho likashindwa kutoka, akaanguka njiani na kesho yake akafa. Wala hakuwa wa mwisho. Tarehe 13 Julai 1967, kwenye Tour de France, Mwingereza Tom Simpson alianguka akipanda mlima Ventoux kwenye joto kali. Yeye alikuwa na amfetamini mwilini na pombe pia, hilo halina ubishi. Lakini angalia kilichotokea kati ya kuanguka kwake mara ya kwanza na mara ya mwisho: watu walimwinua, wakamrudisha kwenye baiskeli, wakamsukuma. Akaenda kidogo akaanguka tena, hakuamka. Miaka saba baada ya Roma, na mikono ni ileile.

Sasa turudi kwetu, maana najua jibu litakalotolewa. Kijana wa Lubumbashi atasema, "Papa, hao ni Wazungu, sisi jua ni letu." Si kweli, na mji huu hasa unaonyesha kwa nini si kweli. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai, wakati Wafaransa wanakimbia Tour yao kwenye jua, sisi tunavaa makoti asubuhi. Mwendesha baiskeli wetu anafanya mazoezi miezi hiyo yote kwenye baridi ya alfajiri, anarudi nyumbani jua halijapanda. Mwili hujifunza kustahimili joto kwa kulizoea. Huchukua siku kumi hadi kumi na nne za mazoezi ndani ya joto lenyewe, na mwili ukiliacha wiki chache husahau. Kuzaliwa Katanga hakumwongezei mtu kitu hapo. Kwa hiyo kijana anayeingia kwenye mbio za mwisho wa Septemba au za Oktoba, mwezi wetu wa joto kuliko yote, akiwa na mazoezi ya Julai tu, hatofautiani sana na Mdenmark aliyeshuka Roma.

Oktoba ina hila yake nyingine. Kabla ya mvua hewa ni kavu, jasho linakauka haraka na kuupoza mwili, hata mtu hajui ametoka jasho kiasi gani. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, unyevu unapanda. Jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi kitu. Digrii zilezile 32 zinakuwa mzigo mzito kuliko wiki iliyopita. Kiongozi wa timu anayeangalia kipimajoto peke yake atadanganyika.

Kuna hila tunayoitengeneza wenyewe. Mbio zinatangazwa saa moja na nusu asubuhi. Saa moja na nusu vijana wamepanga mstari. Mgeni rasmi hajafika. Anasubiriwa. Anafika saa tatu na nusu, hotuba zinasomwa, picha zinapigwa, na vijana wamesimama juani na jezi zao wakiwa wamekwisha kunywa maji waliyoyabeba kwa ajili ya njiani. Wanaondoka saa nne, na kipande kigumu cha mbio kinaangukia saa sita na saa saba. Naheshimu wakubwa, lakini mwanzo wa mbio ni jambo la afya, na asiyefika kwa saa angepokewa kwa heshima zote kwenye mstari wa kumalizia.

Halafu kuna barabara yenyewe. Jensen alianguka kwenye njia iliyofungwa. Mazoezi yetu yanafanyika kwenye Barabara ya Taifa Namba 1, pamoja na malori yanayoshuka mpakani Kasumbalesa na shaba na kobalti, moja nyuma ya jingine. Kijana anayeyumba kwa kizunguzungu hapo hana bahati ya kuangukia lami tu.

Wako watu kwenye barabara hizo ambao timu zetu zingewatazama kwa makini: wabeba makala, yaani makaa. Kinga ya mbeba makala ina mzigo unaopita kichwa chake, na ametoka mbali msituni. Akifika kwenye mlima anashuka, anasukuma. Akichoka anaegemeza kinga kwenye mti, anakaa. Hana aibu ya kushuka, kwa sababu kazi yake ni kufika sokoni, na anajua asipofika watoto hawali. Mwanamichezo wetu amefundishwa kwamba kushuka ni aibu, na aibu hiyo ndiyo inayomfunga mdomo.

Basi dalili ni zipi? Joto la mwili likipita 40, ubongo ndio unaoumia kwanza. Kijana anakosa mstari wake, anagusa gurudumu la aliye mbele. Anajibu kwa hasira asiyoizoea, au hajibu kabisa. Analalamika kuhisi baridi, nywele za mikono zimesimama, na jua linawaka. Anatapika. Anasema, "Yaya, kichwa kinazunguka." Wengi wanasubiri jasho likauke ndipo waamini ni hatari. Wasisubiri. Mtu anayeangushwa na joto akiwa kwenye mwendo mkali anaweza kuwa analowa jasho na huku anakufa. Muulize jina la barabara, muulize ni mzunguko wa ngapi, mwambie ahesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Akikosea, mbio zake zimekwisha.

Na kama alikuwa na homa wiki ya mbio, asianze kabisa. Hapa kwetu homa ni malaria mpaka ipimwe, na mwili uliotoka kwenye homa hushindwa na joto upesi. Mwaka huohuo wa 1960 ulikuwa umefunguliwa na msiba wa Fausto Coppi, bingwa mkubwa wa Italia, aliyekufa tarehe 2 Januari kwa malaria aliyoipata Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso. Madaktari wa kwao hawakuitambua. Rafiki yake Mfaransa, Raphaël Géminiani, aliyeugua kutokana na safari hiyohiyo, alipimwa, ikaonekana, akatibiwa na akapona. Watoto wetu hawana sababu ya kukosa kipimo cha malaria. Kinapatikana hadi kwenye vituo vya mitaani.

Tiba ya joto ni maji, na ni sasa hivi. Kila dakika ubongo unapoiva ni hasara isiyorudi. Lengo ni kuushusha mwili ndani ya nusu saa, hapohapo barabarani, kabla ya kuanza safari ya hospitali. Asiyeweza kuleta bafu alete turubai. Watu wanne au watano wanalishika pembezoni, mgonjwa analazwa katikati, maji ya madumu yanamiminwa pamoja na barafu ya dukani, na wanalitikisatikisa ili maji yampitie mwili mzima, mmoja akimshika kichwa kisizame. Ni turubai lilelile la kufunikia bidhaa sokoni, madumu mawili matatu na mfuko wa barafu. Gari la timu lina nafasi ya magurudumu ya akiba, halikosi nafasi ya hivyo. Asiwekwe ndani ya gari lililofungwa vioo, wala kwenye hema, wala kwenye chumba cha mabati. Na asipewe chochote cha kunywa kama akili yake imechanganyikiwa, hata munkoyo wa mama yake, kitampalia.

Haya yote yatashindikana ikiwa uamuzi utaachiwa wenzake walio juu ya baiskeli. Kijana wa miaka 19 hawezi kumwambia yaya wake wa miaka 27, kepiteni wa timu, ashuke. Na kepiteni hawezi kujiambia mwenyewe. Kocha naye ana jina lake la kulinda. Pawepo mtu mmoja kwenye gari, muuguzi akipatikana, au mama au baba wa timu anayeheshimiwa, ambaye hahesabiwi kwa ushindi wala kwa kushindwa. Neno lake liwe la mwisho, lisijadiliwe njiani wala kulaumiwa jioni.

Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli, ya kwanza kufanyika Afrika, na vijana wengi wa upande wetu walitazama wakaona kwamba mambo haya hayako Ulaya peke yake. Tangu hapo hamu imeongezeka, na naifurahia. Katika mbio za timu mchanganyiko kule Kigali, ambazo Australia ilishinda, kila nchi ilileta wanaume watatu na wanawake watatu, na muda wa kila kundi ulihesabiwa kwa mtu wake wa pili. Anayeandaa mbio za timu hapa anaweza kufanya hivyo pia. Timu ya watu wanne ihesabiwe kwa mtu wa pili, ili hata wawili wakijitoa timu ibaki na matokeo yake. Sharti hilo liandikwe kwenye karatasi ya mashindano, na chini yake liandikwe jina la yule mwenye neno la mwisho kwa kila timu pamoja na namba ya simu ya hospitali iliyokubali kupokea wagonjwa siku hiyo. Timu isiyoleta jina hilo isipewe namba za mgongoni.